Ortansia Mbili na Karai la Majivu

Ndugu zangu, leo nimejianika. Hakuna aliyenisukuma wala aliyeniroga. Nilisimama mwenyewe mbele ya watu, nimevaa shati lile nililovaa siku ya kutetea kazi yangu ya mwisho chuoni, nikajiaibisha kwa njia ya kisayansi.

Nawaandikia ninyi tuliosoma pamoja kilimo kule Kindu, kabla hamjalisikia kwa wengine. Hapa Kasongo habari inapanda pikipiki. Nikimaliza tu nazima simu.

Mnajua kwamba tangu nihitimu ninakaa kwa Bibi yangu, Bibi Zaituni. Mimi ni agronomu mwenye diploma iliyotiwa plastiki. Kazi yangu ya kila siku ni kutoa majivu jikoni asubuhi. (Msicheke mapema. Mtaishiwa.)

Upande wa pili wa ukuta wa uani anakaa mpangaji wa Bibi, Mama Feza, mtu wa Bukavu. Mume wake anachimba dhahabu huko Wamaza, yeye anauza sabuni na chumvi sokoni. Bibi ni Mwislamu wa familia ya zamani ya mji huu, Mama Feza ni mtu wa kanisa, tena wa kwaya, na kwa miaka miwili walikuwa kama kikombe na kisahani chake. Saa kumi jioni, chai. Mwezi wa mfungo, Mama Feza anamletea Bibi uji wa kufuturu kabla hata mwadhini hajakohoa. Noeli ikifika, Bibi anapendeza kuliko wenye Noeli.

Mwaka juzi Mama Feza alikwenda kusalimia kwao, akarudi na vijiti viwili vya ua linaloitwa ortansia. Kama hujaliona: ni shada la mviringo, kubwa kama kabichi, vimaua vidogo vimebanana kama watu kwenye harusi ya bure. Vijiti vyote viwili alivikata kwenye mti mmoja, uani kwa mama yake, mti unaotoa maua ya rangi ya waridi. Kimoja akakipanda nyuma ya chumba chake, karibu na bafu la nje, penye unyevu na kivuli. Kingine akampa Bibi. Bibi akakipanda mbele ya mlango mkubwa na kuutangazia mtaa: "Mungoje. Mutaona ua ya roze, hamujaona vile tangu muzaliwe."

Mtaa ukangoja.

Majuma matatu yaliyopita, ortansia zote mbili zikachanua. Ya Mama Feza ikatoka waridi; akakata shada moja akalipeleka kanisani, mtaa mzima ukaliona. Ya Bibi ikatoka bluu. Si bluu ya kubahatisha. Bluu kama sare ya shule.

Bibi alilizunguka ua lake siku mbili. Ya tatu akasema, "Huyu mwanamuke alibakisha ya muzuri kwake. Mimi akanipa ya kutupa."

"Bibi, vijiti vilitoka mti mmoja," nikasema.

"Wewe ulikuwa kule Bukavu, bwana yangu?"

(Bibi ananiita bwana yake tangu nizaliwe. Kila mwenye bibi anaelewa.)

Basi chai ya saa kumi ikafa. Salamu zikafuata. Mama Feza akipita, Bibi anaangalia paa. Bibi akikohoa, Mama Feza anafunga dirisha. Jumatano tukasikia kwamba Mama Feza ameongea na mwenye pikipiki: Jumatatu anahama, anamfuata mume wake Wamaza.

"Aende," akasema Bibi.

Jioni hiyo nilimkuta jikoni peke yake, chai imepoa. Mbele yake kulikuwa na vikombe viwili. (Viwili, jamani.)

Hapo ndipo Baba Mkubwa Amisi, mtoto wa kwanza wa Bibi, muuza vitenge sokoni, akaitisha kikao. Kiwe leo, baada ya sala ya Ijumaa. Akanishika bega.

"Agronomu. Tulikusomesha miaka mitano juu ya majani. Sasa majani imetuletea vita ku nyumba. Mti mumoja, rangi mbili, juu ya nini? Utueleze. Ukishindwa, Jumatatu yule mama anaenda, na mimi njo nitakunywa chai na Bibi yako kila siku. Sina ile nguvu."

Sasa, mimi mnanijua. Mtu mwingine angekwenda kuangalia ile mimea, basi. Mimi nilichukua daftari. Nikajaza kurasa kumi na nne. Nikachora ramani ya uwanja yenye mishale. Nikaandika dhana saba, ya sita ikihusu popo.

Mtandao ulikuwa umekatika, kwa hiyo nilikitegemea kichwa changu. Kichwa kikakumbuka kwamba rangi ya ortansia hutokana na udongo: kama una uchachu, au kama umetiwa kitu cha kuua uchachu, mfano majivu. Vizuri. Lakini ipi inaleta ipi? Uchachu unaleta bluu au waridi? Hapo kichwa kikasimama kama pikipiki iliyoishiwa mafuta.

Nikakumbuka jaribio la mwaka wa kwanza. Mnalikumbuka? Juisi nyekundu ya bisap, ile ya maua makavu ya rozela. Ukitia limao, wekundu unazidi. Ukitia majivu, inageuka bluu chafu, inakwenda kwenye kijani. Nikajiambia: haya! Majivu ni bluu, uchachu ni wekundu. Kwa nini ua liwe na sheria yake peke yake? (Shikeni hapo. Ndipo nilipozikwa.)

Kuna jambo moja la pembeni ambalo sikuliandika kwenye zile kurasa kumi na nne, kwa sababu nililiona halina uzito. Shimo la takataka liko mbali, na njia ya kwenda huko inapita mbele ya baraza la majirani. Kila asubuhi wapo pale. Kila asubuhi wanauliza, "Agronomu, kazi umepata?" Nami nimebeba karai la majivu. Mtu anajibu nini? Siku ya kwanza nilisema, "Bado." Siku ya pili nilisema, "Inshallah." Siku ya tatu niligundua ukuta wa uani. Unanizidi kimo kidogo tu. Ukishika karai kwa mikono miwili na kulirusha juu, pwaa, kazi imekwisha, hakuna aliyekuuliza kitu.

Nilijua kule ni upande wa Mama Feza. Lakini ndipo bafu lake lilipo, na kijana mwenye adabu hazunguki nyuma ya bafu la mke wa mtu. Kwa hiyo sikuwahi kuona majivu yanaangukia wapi. Akilini mwangu ua lilikuwa upande mwingine wa bafu, na huku kulikuwa na magugu tu. Miezi kumi sasa, nyuma ya ukuta kuna magugu tu.

Tuje leo.

Baada ya sala, Bibi akaketi kwenye mkeka barazani, amejitanda mtandio mpya. Mama Feza akaketi kwenye kigoda karibu na lango, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa hospitali. Baba Mkubwa katikati, na karanga zake mfukoni. Wanawake watano wa mtaani wakaja kuazima chumvi. Chumvi wakapewa. Hawakuondoka.

Mimi nikasimama nyuma ya meza ndogo. Juu yake kulikuwa na glasi mbili za maji, jagi la bisap, na vikombe viwili vilivyojaa udongo. Udongo wa Bibi nilichota mwenyewe mguuni pa ua lake: mwekundu, kama udongo wetu wote. Wa Mama Feza aliuchota na kuuleta yeye, kwa sababu ya ile adabu ya bafu. Ulikuwa na rangi ya kijivu. Nikaandika daftarini: "Kijivu. Pengine kikombe hakikuoshwa."

(Nirudie? Mimi, agronomu, niliona udongo wa kijivu nikashuku kikombe.)

"Ndugu zangu," nikaanza, "suala la rangi katika mimea lina historia ndefu."

"Fupisha," akasema Baba Mkubwa.

Nikatia udongo wa Bibi kwenye glasi ya kushoto, wa Mama Feza kwenye ya kulia, nikakoroga. Nikamimina bisap. Watu wakasogea. Hata Bibi akanyoosha shingo.

Glasi ya kushoto ikabaki nyekundu. Ya kulia ikatulia kidogo, ikawa kama zambarau, kisha ikageuka bluu yenye ukijani, mbele ya macho ya watu.

"Aaah!" wakasema wale wa chumvi.

Mimi nikaangalia glasi, kisha daftari. Kwa sababu ilikuwa kinyume! Ua la Bibi ni bluu, lakini glasi yake ni nyekundu. Ua la Mama Feza ni la waridi, lakini glasi yake ni bluu. Kurasa kumi na nne zikaanza kunizunguka kichwani kama nzi.

Baba Mkubwa akatafuna karanga. "Agronomu. Hukuchanganya glasi?"

Mtu mwenye imani na mikono yake angesema hapana. Nilitia udongo sekunde chache kabla, mbele ya watu wanane. Lakini mnanijua. Mimi nikifunga mlango narudi mara tatu kuukagua. Nikaanza kujiuliza: kushoto kwangu au kushoto kwa watu? Je, nilikoroga kwanza ya nani? Je, huu mkono ni wa kushoto kweli?

"Ni kweli," nikasema, na jasho likanishuka. "Nimezichanganya."

Nikazibadilisha. Nikaichukua glasi ya bluu, nikaiweka mbele ya Bibi. Nyekundu nikaiweka mbele ya Mama Feza. Na kila kitu kikakaa sawa! Bluu kwa bluu, nyekundu kwa waridi. Nikasikia utamu wa elimu. Sauti yangu ikajaa.

"Hii bluu inatuonyesha kwamba udongo wa Bibi umetiwa majivu. Ua la Bibi lilikuwa litoke waridi kama mwenzake. Kuna mtu anamwaga majivu pale kwa siri. Mtu huyo hakutaka Bibi apate ua la waridi."

Watu wote wakamwangalia Mama Feza. Sikulitaja jina lake, lakini ni kama nililiandika ubaoni.

Mama Feza akasimama polepole. Akaweka mkoba chini.

"Majivu?" akasema. "Unasema majivu? Wewe?"

"Sayansi ndiyo inayosema, Mama Feza."

"Sayansi! Kujeni. Mukuje wote, muone majivu iko wapi. Na Bibi akuje."

Akatangulia. Watu wote wakamfuata kuzunguka ukuta, Bibi na fimbo yake, wale wa chumvi, Baba Mkubwa na karanga, na mimi mwishoni, nikibeba daftari kama mtu anayebeba jeneza lake mwenyewe.

Nyuma ya bafu hapakuwa na magugu.

Palikuwa na ortansia, imechanua waridi, majani yake yamepauka kidogo kwa unjano. Na kwenye majani, kwenye shina, chini yake pote, na kwenye ukuta kutoka juu mpaka chini kama uji uliofurika, palikuwa na majivu. Majivu mapya ya leo asubuhi. Pembeni yake ya jana, yaliyokwisha kufagiwa. Kamba ya nguo ilikuwa imehamishwa hatua nne mbali.

"Kila asubuhi," akasema Mama Feza. "Miezi kumi. Pwaa! Mara moja juu ya shuka ya kanisa. Ninafagia, ninanyamaza. Mimi ni mupangaji."

Bibi akashika ukuta. "Na juu ya nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini, Bibi? Majivu inatoka ku jiko yako. Nilizani ni wewe unanituma neno. Mupangaji akimwagiwa majivu, si wanamuambia atoke?"

Nikataka kusema kitu. Nikafungua daftari (sijui nilikuwa natafuta nini humo). Lakini Baba Mkubwa alikuwa amekwisha kuinama. Akaokota karatasi kutoka kwenye majivu. Nusu yake ilikuwa imeungua.

Hapa lazima niwaambie kwamba naomba kazi ya ualimu kwenye shule moja hapa mjini, na kwamba barua ya maombi nimeiandika mara thelathini na moja, kwa sababu kila nikiisoma naona koma haijatulia. Zilizokataliwa natupa kwenye kikapu jikoni. Sikujua Bibi anawashia moto.

Barua ilikuwa kwa Kifaransa. Baba Mkubwa akawa anatafsiri kwa sauti ya kuuzia vitenge, ili mtaa usikose kitu.

"'Mheshimiwa... nina heshima kubwa...' Hapa imeungua. 'Mimi ni kijana makini sana... ninachunguza kila jambo... kabla ya...'" Akageuza karatasi. "Kabla ya nini haionekani, imeungua. Lakini sahihi iko. Jina iko. Hata namba ya simu iko, mukitaka kumwita."

Mmoja wa wale wa chumvi akakaa chini kabisa, kwenye majivu, kwa kicheko. Mwingine akafunika uso na kitenge, mabega yanaruka.

"Bwana yangu," akasema Bibi kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza. "Majivu ninakupa upeleke ku shimo. Unapeleka wapi?"

"Hapa, Bibi."

"Juu ya nini?"

"Wale wa barazani wananiuliza kama nimepata kazi."

Wawili kati ya wale wa barazani walikuwemo kwenye kundi la chumvi. Nadhani waliona haya. Nusu dakika hivi.

Kisha Bibi akamgeukia Mama Feza. "Sikukutuma neno lolote, mwanangu. Mimi nilizani umenipa ua ya kutupa."

"Mti mumoja, Bibi. Nilikata mwenyewe, mama yangu akiangalia."

Wakaangaliana. Kisha wote wawili wakaniangalia mimi. Sijawahi kuona watu wakipatana haraka hivyo. Walipatana juu yangu.

"Basi glasi zilikuwa sawa toka mwanzo," akasema Baba Mkubwa. "Zilikosea zilipoguswa na agronomu."

Na hapo, ndugu zangu, nimesimama kwenye majivu yangu, ndipo kichwa kilipoamua kufunguka. Kilichelewa, lakini kilifunguka. Nikakumbuka mstari niliouchora chini mara mbili mwaka wa tatu: ortansia inakwenda kinyume na bisap. Nikawaeleza, sauti yangu ndogo kama ya mtu anayeomba maji. Udongo wetu mwekundu una uchachu. Ndani yake kuna aluminiamu. Penye uchachu aluminiamu inayeyuka, mizizi inainywa, inapanda mpaka kwenye ua, na ua linakuwa bluu. Majivu yanaua uchachu, aluminiamu inafungwa udongoni, ua linabaki waridi.

"Aluminiamu gani?" akauliza Bibi.

"Ile ya sufuria, Bibi."

"Ua yangu inakunywa sufuria?"

"Kwa namna fulani, Bibi."

Akafikiri. "Kumbe bluu njo rangi ya udongo ya hapa. Ile ya kwake ni ya majivu."

Mama Feza akapiga mikono. "Eeh! Na mama yangu kule Bukavu, kila asubuhi anamwaga majivu pale chini, anasema inafukuza konokono! Nilisahau kabisa!"

Kwa maneno mengine, ua la waridi ambalo mtaa mzima uliliona zuri, nililitengeneza mimi. Bila kujua. Kwa uvivu. Ni kazi pekee ya kilimo niliyofanikiwa tangu nihitimu.

Bibi akatoa hukumu palepale, ameegemea fimbo. Kuanzia kesho, majivu kidogo kidogo, mguuni pa ua lake yeye, mbele ya mlango mkubwa, atakuwa anaangalia. Yanayobaki ni ya shimoni, nipitie barazani kama binadamu. Huku kwa Mama Feza, hata kijiko hapana: Mama Feza naye aonje bluu.

"Na rangi itageuka lini?" akauliza.

"Ua lililokwisha kuchanua haligeuki sana, Bibi. Labda mwaka kesho."

"Mwaka kesho," akasema Bibi. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia Mama Feza. "Sasa mutu akienda Wamaza, nani atahakikisha huyu mutoto hakosei tena?"

Mama Feza akatoa simu kwenye pindo la kitenge, akageuka upande, tukamsikia akimwambia yule mwenye pikipiki: "Allo, papa wa moto? Ile ya Jumatatu... hapana, usikuje. Usikuje tu. Niko na kazi, ninachunga agronomu."

Sasa ni saa kumi na moja. Wako barazani na chai. Nawasikia kutoka chumbani. Kila baada ya muda mmoja anasema "Pwaa!" na mwingine anakohoa chai. Baba Mkubwa ameondoka na ile karatasi, anasema ataibandika dukani, juu ya vitenge.

Naomba msicheke. Kesho saa kumi na mbili asubuhi ninaripoti kazini na karai langu. Barua thelathini na moja, na iliyonipatia kazi ni ile iliyoungua.